Kusomea muziki: konsavatori, musikolojia ndani ya konsavatori, au chuo kikuu cha nyumbani?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwenye kwaya za Mbeya, Iringa na Njombe hawakosi vijana wawili watatu wanaotaka kusoma muziki mpaka shahada. Mzazi anashtuka, mwalimu wa kwaya anafurahi, halafu wote wanakwama palepale: asome nini hasa, na asomee wapi? Kijana ameshakutana mtandaoni na konsavatori, yaani chuo maalumu cha muziki, ameshakutana na musikolojia, yaani taaluma ya kuuchunguza muziki, na mara nyingine ameviona vyote viwili kwenye ukurasa mmoja wa chuo cha Ulaya. Anadhani ni kitu kimoja. Ni vitu viwili, na ukichagua bila kuvitofautisha unaweza kupoteza miaka. Nafundisha kwaya na kinanda hapa Iringa, na nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya vijana hao na wazazi wao.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni shahada ya konsavatori ya kupiga ala au kuimba, ambamo musikolojia ni masomo ya kusindikiza. Ya pili ni kusoma musikolojia yenyewe kama fani kuu, lakini ndani ya konsavatori, ukiwa umezungukwa na wapigaji na waimbaji. Ya tatu ni chuo kikuu cha kawaida chenye idara ya muziki, kwa mfano Dar es Salaam au Makumira hapa nchini, au Kenyatta kule Nairobi. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukiujua: kwa vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini, njia ya tatu ndiyo ya kuanzia na ya pili ndiyo ya kulenga baadaye. Njia ya kwanza ni ya wachache.

Musikolojia ni kazi gani

Mwimbaji anauliza: wimbo huu niuimbeje? Mwanamusikolojia anauliza umetoka wapi, umejengwaje, nani waliuimba kabla yetu na kwa nini waliuimba hivyo. Mwaustria Guido Adler aliipangia fani hii ramani mwaka 1885, akaigawa upande wa historia na upande wa mifumo. Baadaye likaongezeka tawi la etnomusikolojia, linalosoma muziki ndani ya jamii inayoupiga, na Afrika tawi hilo lilipata mwalimu mkubwa, J. H. Kwabena Nketia wa Ghana, aliyefariki mwaka 2019.

Nadharia hizo hazisaidii sana mpaka uone swali lenyewe, kwa hiyo nitatoa moja la kwetu. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na nyimbo walizokuja nazo zilikuwa na tuni za Kijerumani. Sasa, Kinyakyusa hakina toni. Kihehe na Kibena zina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Ukichukua tuni ya Kijerumani ukaivalisha maneno ya Kihehe, kuna mahali tuni itapanda wakati neno linataka kushuka. Je, waimbaji wa Iringa waliirekebisha tuni kimyakimya, au waliacha neno lisikike visivyo? Na watunzi wa leo wanaotunga moja kwa moja kwa Kihehe, wanafuata toni ya lugha au wanafuata mazoea ya tenzi? Kwaya ya Rungwe ikiimba Kinyakyusa haikutani na tatizo hilo. Swali kama hili linataka mtu aliyenyonya lugha hizo tangu utotoni na anayeweza kukaa na rekodi, akaandika nota za alichosikia bila kukisia. Mtu huyo akipatikana kwetu, majibu yatapatikana.

Au chukua ligombo la Wahehe: ubao uliochimbwa katikati, uzi mmoja mrefu uliopitishwa mara kadhaa kutoka ncha hadi ncha, na kibuyu cha kukuza sauti. Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwarekodi wapigaji wa Uhehe mwaka 1950. Rekodi zake zimo katika hazina ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, Afrika Kusini. Kijana wa Kalenga anayetaka kujua ligombo lilisikikaje zama za babu yake huenda akalazimika kuanzia huko. Hata kwaya zetu, mmoja wa walioandika kitabu kizima juu yake ni Mmarekani, Gregory Barz, mwaka 2003. Nawashukuru wote wawili. Lakini nataka kuona kazi za watoto wetu zikikaa kwenye rafu hiyohiyo, na zimeshaanza kukaa: Profesa Imani Sanga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekuwa akiandika juu ya muziki wa Tanzania, ukiwemo wa Injili, kwa miaka mingi.

Wiki ya mwanafunzi katika kila njia

Watu hulinganisha majina ya vyuo. Mimi nasema linganisha wiki, kwa sababu wiki ndiyo utakayoishi nayo.

Kwenye shahada ya konsavatori ya kupiga au kuimba, kitovu cha wiki ni kipindi kimoja wewe na mwalimu wako wa ala, saa moja au moja na nusu, mlango umefungwa. Siku nyingine zote zinakuandaa kwa kipindi hicho: mazoezi ya peke yako saa nne au zaidi kwa siku, okestra au kwaya ya chuo, vikundi vidogo. Kando yake kuna hamonia (jinsi sauti zinavyopangwa kulia pamoja), mafunzo ya sikio, uchambuzi wa miundo na historia ya muziki. Hapo ndipo musikolojia ilipo: mihadhara michache kwa wiki, semina moja au mbili za uchambuzi, na mwishoni andiko fupi la kuhitimu linaloambatana na onyesho. Katika mfumo wa Ulaya shahada ya namna hii mara nyingi ni miaka minne na krediti 240, kila krediti ikihesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, na sehemu kubwa ya krediti hizo ni ya ala yako. Kwa hiyo ukiandikishwa kupiga piano, usimwambie mama unakwenda kusomea utafiti. Unakwenda kusomea piano.

Masomo hayo ya kusindikiza yana thamani yake hata hivyo, na nawasihi wanaopita njia ya kwanza wasiyachukulie kama kikwazo cha kurukwa. Mwanafunzi anafungua kipande cha Bach, anaona alama za kupaza na kupunguza sauti zimejaa kila mstari. Mwalimu wa historia anamwonyesha kwamba Bach aliandika alama za aina hiyo chache mno, na kwamba nyingi ziliongezwa na wahariri wa karne ya 19 kwa jinsi wao walivyopenda isikike. Tangu siku hiyo anasoma nota kwa jicho jingine. Na jicho hilo linahitajika hapa kwetu kuliko tunavyokiri. Nakala za kwaya zinazozunguka kati ya Makambako, Mafinga na Mbeya zimetolewa kopi ya kopi ya kopi. Herufi f (fa) ya besi imekuwa s (sol), nukta ya nusu pigo imefutika, jina la mtunzi limekatwa na ukingo wa karatasi. Kukusanya nakala tatu, kuzilinganisha mstari kwa mstari na kuamua mtunzi aliandika nini ni kazi ileile wanayoifanya wahariri wa Bach, na mpigaji aliyesoma historia yake vizuri anaiweza.

Njia ya pili ina wiki tofauti kabisa. Mazoezi ya ala yanapungua, hayaishi. Badala yake kuna hamonia na kontrapunti (kusuka sauti kadhaa zinazojitegemea) zinazoandikwa kwa mkono, kusoma partitura, yaani nota za ala zote pamoja, ya okestra nzima na kuicheza kwenye piano, maktaba, na kuandika kila wiki. Utaratibu huu una mizizi Ulaya ya mashariki. Kwenye konsavatori za Urusi, ikiwemo ya Moscow iliyoanzishwa mwaka 1866, musikolojia ni fani kamili yenye wanafunzi na walimu wake. Budapest, Chuo cha Liszt kimekuwa na idara yake tangu mwaka 1951. Konsavatori ya Paris, ya mwaka 1795, nayo ina madarasa yake ya musikolojia na uchambuzi, na Konsavatori Kuu ya Beijing ina idara nzima. Ujerumani desturi ni kuvitenganisha: kupiga unasomea chuo cha muziki, musikolojia unasomea chuo kikuu. Wapo walioviunganisha, kama Weimar na Jena wanaoendesha taasisi moja ya musikolojia kwa pamoja.

Uzuri mkubwa wa njia hii ni ujirani. Unaandika juu ya namna sauti ya tatu inavyopita katika kipande fulani, unatoka maktaba, unagonga chumba cha pili, unawaomba wapigaji wanne wakuchezee ukurasa huo kwa namna mbili. Swali linapata jibu kabla ya chakula cha mchana. Chuo kikuu kisicho na wapigaji hakikupi hilo.

Udhaifu wake nao nauona wazi. Mitaala ya konsavatori nyingi imeegemea muziki wa Ulaya, na mwanafunzi wa kutoka Iringa anaweza kukaa miaka minne na watunzi wa Ulaya kama Palestrina, Bach na Beethoven, akaandika tasnifu nzuri, na asiguse hata siku moja ngoma ya mganda ya pwani ya Ziwa Nyasa. Mganda huo ni somo la historia peke yake: ngoma iliyozaliwa kutoka ngoma nyingine, beni, ambayo nayo ilichukua mwendo na mavazi ya bendi za jeshi la kikoloni. Palestrina hana ubaya wowote. Sikio lililofunzwa na Palestrina litausikia mganda vizuri zaidi. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuomba, soma orodha ya kozi na majina ya walimu, uone kama yupo hata mmoja anayefanya kazi juu ya Afrika. Weimar, kwa mfano, ina kiti cha UNESCO (nafasi ya uprofesa na utafiti) cha muziki wa tamaduni mbalimbali tangu mwaka 2016, na hapo mtu wa ligombo ana mahali pa kukaa.

Njia ya tatu, chuo kikuu cha kawaida, inachanganya vyote kwa kipimo kidogokidogo: nadharia, historia, muziki wa Afrika, ala, kwaya, na mara nyingine ualimu au somo jingine pembeni. Saa za peke yako na mwalimu wa ala ni chache kuliko konsavatori, na vyumba vya mazoezi na piano hugombewa. Faida yake kubwa ni kwamba muziki unaousoma uko umbali wa basi. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, sikatai, lakini likizo ikifika unarudi Rungwe na kinasa sauti, unakaa na wazee, unawahoji kwa lugha yao. Anayesoma Moscow hawezi kufanya hivyo kila mhula.

Kuna pia wasiopata alama za kuingia chuo kikuu. Hao wasidhani mlango umefungwa. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, inatoa astashahada na stashahada, na Zanzibar kuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi, DCMA, kilichoanza mwaka 2002 na kinachojulikana kwa taarabu na ala zake. Stashahada nzuri inaweza kuwa ngazi ya kupandia shahada. Nairobi nako kuna Konsavatori ya Kenya, ya tangu mwaka 1944, lakini hiyo inajulikana kwa masomo ya ala na maandalizi ya mitihani; usiifananishe na konsavatori za shahada.

Mlango wa kuingilia

Hapa ndipo wengi wetu hukwama, na sababu yake ni maandalizi. Vipaji tunavyo.

Konsavatori yoyote ina usaili: unapiga au kuimba mbele ya walimu, unaandika mtihani wa nadharia, na unapimwa sikio. Mtihani wa sikio una imla ya muziki. Mtahini anacheza kipande kifupi mara chache, wewe unakiandika kwa nota za mistari mitano, wakati mwingine sauti mbili kwa pamoja. Halafu unapewa nota hujawahi kuziona na unaziimba papo hapo.

Mwanakwaya wa kwetu ana nguvu kubwa kwenye sehemu hiyo ya pili na udhaifu mkubwa kwenye maandishi. Wengi tumelelewa na solfa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi za do, re, mi. Mwalimu anaandika ubaoni Do = G, kisha d, r, m, s zinapangwa mistari minne, soprano juu na besi chini. Mfumo huo ulikuzwa Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen juu ya kazi ya Sarah Glover, na wamisionari wakausambaza. Ni mfumo mzuri, na sitaki kijana yeyote auonee aibu. Do yake inahama: wimbo ukiwa G, do ni G, ukiwa F, do ni F. Sikio linajifunza uhusiano wa sauti.

Sasa mpeleke kijana huyo Ufaransa, Ubelgiji, Italia au Urusi. Huko do haihami. Do ni C siku zote, na wimbo ulio katika G unatulia kwenye sol. Mwanakwaya hodari wa Tukuyu ataimba sauti sahihi kabisa kwa jina lisilo lake, na mtahini atamsimamisha. Ujerumani wanatumia herufi, ila B yao ni ile sisi tunayoiita B flati, na B yetu wao wanaiita H. Haya yote yanazoeleka ndani ya miezi michache ukiyajua mapema. Yakikukuta siku ya usaili yanakuvuruga. Hungaria ndiyo nchi inayomfaa zaidi mtu wa solfa, kwa sababu mtunzi na mwalimu wao Zoltán Kodály alijenga ufundishaji wake juu ya do inayohama, tena akachukua na ishara za mikono za Curwen. Kijana wa kwaya zetu akiingia darasa la sikio Budapest, atakuta lugha anayoijua tangu shule ya Jumapili.

Kuhusu ala, nitasema lililo gumu kusikia. Wapiga fidla na piano wanaoshindania nafasi kwenye konsavatori kubwa walianza wakiwa na miaka mitano, sita, saba. Kijana aliyegusa kinanda cha kanisa kidato cha pili, kinanda cha funguo 61 chenye mapigo yake ya kubonyeza, hajawahi kukaa kwenye piano ya funguo 88 zenye uzito wake. Vidole vyake vinajua akodi za kusindikiza kwaya, havijui Bach wa sauti tatu. Anaweza kufika mbali sana kwenye muziki, ila kushindania nafasi ya piano Moscow au Paris akiwa na miaka 20 si mpango wa kumshauri. Sauti ni habari nyingine. Sauti ya mtu hukomaa baadaye, na waimbaji wengi huanza mafunzo ya kweli wakiwa na miaka 17, 18 au zaidi. Kwa hiyo mwimbaji wa soprano au wa tena (sauti ya juu ya wanaume) mwenye sauti safi, anayesoma nota na mwenye nidhamu, njia ya kwanza bado iko wazi kwake.

Kwa sababu hiyohiyo baadhi hukimbilia musikolojia wakidhani ni mlango wa nyuma kwa wasioweza kupiga. Nawaomba wasifanye hivyo. Konsavatori inayofundisha musikolojia itakupima hamonia na sikio kwa ukali zaidi kuliko inavyompima mpiga ala, na itataka ucheze piano angalau kwa kiwango cha kati. Asiyependa kusoma na kuandika atateseka huko kuliko kokote.

Kipimo cha haraka kinachopatikana hapa nchini ni mitihani ya bodi ya Uingereza ya ABRSM, yenye madaraja manane. Ukifaulu nadharia daraja la tano, una msingi. Bodi yenyewe inaudai msingi huo au unaolingana nao kabla hujafanya madaraja ya sita hadi nane ya ala. Vyuo vikuu vya nyumbani havitaki haya yote ili uingie, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuanzia nyumbani.

Fedha na lugha

Ndani ya nchi hesabu inaeleweka: ada, chumba, chakula, nauli, na ombi la Bodi ya Mikopo. Nje ni hesabu nyingine, na neno bure lisikudanganye. Vyuo vya umma vya Ujerumani havitozi ada katika majimbo mengi, lakini Baden-Württemberg inawatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Na hata pasipo ada, viza inadai uonyeshe fedha za kujikimu benki. Mwaka 2024 kiwango kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka mmoja. Familia nyingi za wakulima wa chai wa Rungwe au viazi vya Njombe haziwezi kukiweka kiasi hicho mahali pamoja. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, ambao wengi hunitajia, unalenga zaidi waliokwisha kupata shahada ya kwanza.

Urusi na China hutoa ufadhili wa serikali hata kwa shahada ya kwanza, na kwa kawaida kuna mwaka mzima wa kujifunza lugha kwanza. Hapo linganisha tena njia ya kwanza na ya pili. Mpiga ala anaweza kuishi na lugha ya kuungaunga, kwa sababu mwalimu wake anaweza kumwonyesha kwa mikono. Vyuo vya muziki vya Ujerumani mara nyingi vinaridhika na kiwango cha lugha cha kati, B1 au B2. Musikolojia haina huruma hiyo: utaandika kurasa kwa kurasa, utasoma barua za watunzi, utajadiliana kwenye semina, na vyuo vikuu vya Ujerumani hudai kiwango cha juu, C1. Anayeifikiria Ujerumani aanze lugha sasa. Taasisi ya Goethe, inayofundisha Kijerumani, iko Dar es Salaam.

Afrika Kusini ni ya katikati. Chuo cha muziki cha Cape Town kilianzishwa mwaka 1910 na kiko ndani ya chuo kikuu, kwa hiyo upigaji na utafiti vinakaa chini ya paa moja, lugha ni Kiingereza, na muziki wa Afrika ni somo linaloheshimiwa. Ada zake si ndogo. Mwaka wao wa masomo unaanza mwanzoni mwa mwaka, wakati matokeo yetu ya kidato cha sita yanatoka katikati ya mwaka, na miezi hiyo ya katikati inatosha kujifunza nota za mistari barabara. Kokote utakakokwenda nje, hakikisha kwanza na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwamba shahada hiyo itatambuliwa utakaporudi.

Baada ya kuhitimu

Mzazi anauliza ajira, na ana haki. Mpiga ala au mwimbaji aliyehitimu konsavatori akirudi Mbeya hatakuta okestra ya kumwajiri. Atafundisha, ataongoza kwaya, atapiga kwenye harusi na hoteli, au atabaki nje. Wapo wanaoishi vizuri kwa mchanganyiko huo, lakini ajue mapema kwamba atajijengea kazi mwenyewe.

Aliyesoma musikolojia au muziki wa chuo kikuu ana milango mingi kidogo: kufundisha sekondari na vyuo, ofisi za utamaduni za halmashauri, redio, makumbusho, kazi za hakimiliki. Redio ya taifa ina hazina kubwa ya kanda za muziki wa miongo mingi, na kanda zinataka watu wanaojua kuzisikiliza na kuziandikia maelezo. Makanisa yetu nayo yana masanduku ya nyimbo ambazo watunzi wake wanaondoka mmoja mmoja bila kazi zao kuandikwa vizuri. Sisemi ajira hizo zinakungoja mlangoni. Nasema kazi ipo nyingi, na mwenye ujuzi wa kuandika, kuhariri na kueleza ana hoja ya kulipwa.

Nani achague nini

Ukiwa mwimbaji mwenye sauti ambayo walimu zaidi ya mmoja, wasio ndugu zako, wamekuambia ni ya kipekee, na ukikosa mazoezi siku moja unaumwa, jaribu njia ya kwanza, na usiyadharau masomo yake ya historia. Kama wewe ni mpiga tarumbeta uliyekulia kwenye vikundi vya Kilutheri au Kimoravian na unasoma nota bila kubabaika, nawe jaribu.

Ukiwa mtu anayebaki baada ya mazoezi kumuuliza mwalimu wimbo huu ulitungwa lini na kwa nini waimbaji wa tena wanaingia nyuma ya soprano, wewe ni wa musikolojia. Nakushauri shahada ya kwanza usomee Dar es Salaam, Makumira au Kenyatta, uimalize ukiwa umekusanya rekodi za kwenu na umeandika tasnifu juu yake, huku ukisukuma piano na lugha moja ya kigeni. Kisha omba shahada ya pili kwenye konsavatori au chuo chenye musikolojia na wapigaji pamoja. Utaingia ukiwa na swali lako mkononi, na hapo ndipo ufadhili nao unapofunguka zaidi. Kwenda njia ya pili moja kwa moja kutoka kidato cha sita kunamfaa yule tu ambaye tayari ana piano na nadharia ya kutosha, na mfadhili.

Kwa aliyebaki na mashaka, nina zoezi ninalowapa wanakwaya wangu. Chagua wimbo mmoja wa zamani unaoimbwa kijijini kwenu, usiokuwa kwenye kitabu chochote. Muombe ruhusa bibi au babu anayeujua, mrekodi kwa simu. Uandike kwa nota za mistari, sauti zote unazosikia, hata pale ambapo sauti inaangukia katikati ya noti mbili za kinanda. Muulize aliujifunza kwa nani na uliimbwa wakati gani. Kisha tafuta kijiji cha pili unakoimbwa, uone umebadilika wapi. Kama mwezi mmoja baadaye unachotamani ni kusimama na kuuimba vizuri kuliko yeyote, peleka maombi ya kuimba. Kama unachotamani ni kupanda basi kwenda kijiji cha tatu, njoo na daftari lako tuandike maombi ya musikolojia.